Ree Mbili Kwenye Kizuizi cha Soni

Vijana wangu, karata mbovu hazijawahi kunitia hasara. Ukizipata unaziacha, unakunywa chai yako, unasubiri mgao mwingine. Zilizokaribia kuninyang'anya usukani ni karata nzuri, tena nzuri za kumfanya mtu asahau njaa, na ndizo ninazotaka kuwasimulia leo kabla hamjanikatiza na habari zenu za mpira.

Nimeendesha malori kati ya Lushoto na Mombo tangu enzi za Mwingereza mpaka magoti yalipogoma kukanyaga klachi. Ninyi mnapishana kwenye lami, mkono mmoja nje ya dirisha. Sisi tulikuwa na barabara ya udongo iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upana wake lori moja na mbuzi mmoja. Kwa hiyo palikuwa na saa za kupanda na saa za kushuka. Asubuhi yanapanda, mchana yanashuka, na pale Soni paliwekwa mti wa kizuizi na mlinzi mwenye filimbi. Ukifika na mzigo wako saa tano, unakaa mpaka filimbi ya saa nane. Hakuna cha kumbembeleza mlinzi wala cha kumpa muwa.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Filimbi ikilia, malori yaliachiwa moja moja, la pili likisubiri mpaka vumbi la kwanza litue. Kule Mombo treni ya Tanga ilitenga behewa moja tu la mboga na matunda. Wa kwanza kushuka ndiye wa kwanza kupakia. Wa mwisho alikuta behewa limejaa, na mzigo wake ukalala nje kwenye joto la Mombo, na kabichi iliyolala Mombo hata ng'ombe huitazama mara mbili. Basi zamu ya kushuka ndiyo iliyokuwa roho ya kazi yetu. Madereva walikuwa wakiipigania kwa ngumi, mpaka Mzee Singano aliporudi kutoka Burma.

Mzee Singano aliendesha malori ya jeshi vitani, akarudi na koti zito, kikohozi na pakiti ya karata. Yeye ndiye aliyenifundisha gari. Nilikuwa utingo wake miaka minne, nikibeba jiwe la kuzuia gurudumu, na neno lake kubwa lilikuwa hili: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Ukipandia ya pili, shuka na ya pili, injini ikushike, breki uziachie mambo ya dharura. Alinipiga kofi la kisogo siku niliyoshuka na mguu juu ya breki kutoka kona ya maporomoko mpaka daraja la chini. Magurudumu yalinuka kama nywele zinazoungua. Nilistahili lile kofi, na nawaambieni wazi kwamba mpaka leo nalishukuru.

Yeye ndiye aliyesema zamu itafutwe kwa karata. Mchezo wenyewe uliitwa poka. Kila dereva anapewa kikombe kimoja cha maharage, na filimbi ikikaribia, mwenye maharage mengi anachagua zamu kwanza. Pesa haikuguswa. Mama yangu, aliyekuwa mtu wa swala tano, aliniuliza kama ni kamari. Nikamjibu ni maharage, mama. Akaniambia shetani naye hula maharage. Nikaenda kazini.

Kucheza ni rahisi kueleza. Unapewa karata tano. Unaweka maharage ukitaka kuendelea, au unapandisha dau ili wengine walipe zaidi. Kisha kila mmoja anabadilisha karata asizozitaka, mnaweka tena maharage, mnafunua. Mbili zinazofanana ni kitu, mbili na mbili ni kitu kikubwa zaidi, tatu zinazofanana ni zaidi tena, na tano za rangi moja, shupaza tupu au kopa tupu, zinapita zote hizo. Haya mengine mtajifunza mkifilisika.

Lakini sheria moja haikutoka Burma. Ilikuwa yetu, ya milimani. Siku za mwanzo dereva mmoja alitupa karata zake akaondoka bila neno, na watu wakakasirika kuliko walivyokasirika kushindwa. Kwetu mtu hatoki mbele ya watu kimyakimya kama paka. Ndipo Mzee Singano akaamua: anayeacha karata amwamkie aliyempandishia dau. Aseme shikamoo. Naye apokee, aseme marahaba. Hapo ndipo mtu ametoka. Shikamoo isipopokelewa, hajatoka, anaweza kuziokota karata zake na kuendelea bila kulipa zaidi.

Mnacheka. Fikirini basi mambo yaliyofuata. Mzee wa mvi amwamkie kijana? Wazee walikuwa radhi wapoteze kikombe kizima kuliko kusema lile neno, wakafuata kila dau wakiwa na takataka mkononi. Na sisi vijana tukipandishiwa na mzee tulisema shikamoo haraka, hata tukiwa na karata za kumzika, kwa sababu ulimi ulishazoea tangu utotoni. Nimeona mtu akiacha malkia watatu kwa adabu tu. Sijui kama pana mahali pengine duniani watu wanashindwa karata kwa kulelewa vizuri.

Mmoja hakulelewa hivyo, au alilelewa akasahau. Hemedi wa Muheza. Tulimwita Gia Tatu, kwa sababu sote tulishuka na gia ya pili, yeye alishuka na ya tatu akiimba. Karata alizicheza vilevile. Akipewa mgao anapandisha, akipandishiwa anapandisha tena, ana kitu hana kitu, hilo halikumhusu. Alivuna shikamoo za watu wazima kama mtu anayechuma pea za shamba la jirani, na kila moja aliipokea kwa sauti ndefu, "Maraahaba, baba," mpaka ukatamani kumwagia chai.

Na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga kila nilipokaa naye. Nilijua mtu anayepandisha kila mgao hawezi kuwa na karata kila mgao. Nilikuwa nikisubiri tu nipate mkono mzuri nimmalize. Ndivyo wanavyofikiri watu wote waliokaribia kumalizwa.

Mkono huo ulikuja siku moja ya mvua, chini ya paa la mabati la mlinzi. Karata tatu za kumi. Hemedi akapandisha kama kawaida, Mzee Singano akafuata, nami nikapandisha juu yao wote wawili, maharage ya kutosha kuwafikirisha. Hapo nilifanya sawasawa. Hemedi akafuata. Mzee Singano akazitazama karata zake, akazilaza chini, akaniangalia usoni.

"Shikamoo, Rajabu," akasema.

Yule mzee alikuwa rika la baba yangu. Alinifundisha kushika usukani. Nikacheka kidogo, nikainamisha macho, nikajifanya napanga maharage.

Akasubiri. Kisha akaziokota karata. "Hukupokea," akasema. "Basi nimo."

Akabadilisha karata moja, akapata kopa ya kukamilisha tano za rangi moja, akanipiga mimi na kumi zangu tatu. Nilibaki na maharage yasiyotosha hata kumpikia kuku. Nikashuka wa mwisho, behewa limejaa, kabichi za tajiri wangu zikalala Mombo.

Nilimkasirikia yule mzee siku tatu. Ya nne nikamfuata alipokuwa akipaka grisi chini ya gari lake.

"Mzee, kwa nini ulinifanyia vile?"

"Nilikufanyia nini?" Sauti ilitoka chini ya gari. "Ulikuwa na karata nzuri?"

"Kumi tatu."

"Kwa nini ulipandisha dau?"

"Nikutoe wewe, nibaki na Hemedi."

"Nikatoka. Nawe ukanirudisha." Akatoa kichwa nje, uso una grisi. "Sikiliza. Mkono wako ulikuwa mzuri kuliko wa kila mtu pale, lakini ulikuwa haujaiva. Mkono wa namna ile unampiga mtu mmoja vizuri. Ukiwaacha watu wawili, watatu, kila mmoja anabadilisha karata, mmoja wao atakupita. Toa watu. Na ukishawatoa, funga mlango."

"Lakini kukupokea wewe shikamoo..."

"Nani alikuambia unapokea heshima yangu? Unafunga mlango. Nipe hiyo spana."

Kuhusu Gia Tatu alinifundisha jambo la pili, na hili lilinichukua muda kulielewa. Mtu mkali usishindane naye kwa ukali. Usimtishe, maana hatishiki, na usimkimbie kila akipiga kelele. Mwachie yeye ndiye asukume maharage. Wewe ukiwa na kitu, gonga kile kisanduku tunachochezea karata, yaani pita, mpishe, atayaleta mwenyewe. Mzee alisema Hemedi ni mteremko: huna haja ya kukanyaga mafuta.

Basi tufike siku yenyewe, maana naona mmoja wenu anatazama mlango.

Tajiri wangu alikuwa mwenye duka pale Mombo, mtu mpole, maneno machache. Asubuhi hiyo nilipokwenda kupakia aliniletea habari kwa karani wake. Mzigo wa leo ni pichi, si kabichi. Pichi zimeshaiva. Zikilala Mombo, Rajabu akabidhi ufunguo, arudi kubeba magunia. Nilikuwa nimeoa mwezi uleule. Mkwe wangu alinipa binti yake akijua anampa dereva.

Nikafika Soni saa nne na nusu, wa kwanza, kana kwamba kuwahi kungesaidia. Kila gunia la nyasi nililitandika chini ya makasha, na harufu ya pichi ilijaa barabara nzima. Wakafika wengine watatu: Mzee Singano na mbao zake, Hemedi na viazi na nyanya, na Elia wa Bumbuli, Mlutheri mmoja mpole aliyebeba karoti. Nikamwambia Mzee Singano mambo yangu, wengine wakisikia, nikidhani atanionea huruma. Mbao hazina haja na behewa la mboga. Akatafuna muhindi wake mpaka mwisho.

"Pole," akasema. "Gawa karata."

Tukacheza. Nilicheza vizuri, vijana, sijisifu bure. Niliacha mikono mibovu, niliamkia watu bila kinyongo, nikabaki na maharage yangu mengi kiasi. Lakini Hemedi alikuwa na rundo mbele yake kama mama muuzaji wa gulioni. Mlinzi akatoka, akatazama jua, akatazama saa yake.

"Mgao wa mwisho," akasema.

Elia ndiye aliyegawa. Aliketi Mzee Singano wa kwanza, kisha mimi, kisha Hemedi, na Elia mwenyewe mwisho. Nikaziinua karata moja moja. Ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote. Sita ya uru. Nne, takataka. Sita ya kopa. Na ya tano, ree ya pau. Ree mbili na sita mbili.

Fahamuni mkono huo. Kwa wakati ule hakuna aliyekuwa na zaidi, karibu ningeapa. Lakini ni mkono unaokubali kuboreka kwa shida, na mwenye karata nne za rangi moja akipata ya tano anakuacha na mdomo wazi. Ulikuwa na nguvu, tena ulikuwa dhaifu, vyote pamoja, kama pichi zangu kule nyuma.

Mzee Singano akaweka maharage mawili. Nami nikafuata kwa mawili, kimya, mkono mlegevu. Elia alinitazama akadhani sina kitu. Sikupandisha kwa sababu nilijua nani anafuata.

"Mbona mnakula kama wagonjwa?" akasema Hemedi. "Kumi."

Elia akaweka karata chini. "Shikamoo, Hemedi."

"Maraahaba."

Mzee Singano akafuata kwa kumi. Hapo ndipo ilipokuja zamu yangu tena, na maharage ya watu wote yako katikati ya kisanduku. Nikasukuma arobaini.

Hemedi akacheka kwa furaha ya kweli. Nadhani alinipenda wakati ule. "Rajabu kaamka! Nakufuata, bwana, nakufuata." Akaanza kuimba chinichini.

Akabaki Mzee Singano. Alizitazama karata zake muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Alizifungua kidogo, akazifunga. Sikuwa na hakika ninataka nini. Kisha akazilaza mbele yangu, kifudifudi, akazinyoosha kwa kidole. Akakaa wima. Akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote pale.

"Shikamoo," akasema.

Nawaambia ukweli, nilikaribia kupanga maharage tena kama mara ya kwanza. Kujua jambo na kulisema ni safari mbili. Nilimwona baba yangu, nilimwona mama, niliona kila mzee aliyewahi kuniwekea mkono kichwani. Harufu ya pichi ikanipiga puani. Mkono wa Mzee Singano ulikuwa tayari umeanza kusogea kwenye karata zake.

"Marahaba," nikasema.

Nilisema kwa sauti, mlinzi akageuka. Mzee akavaa kofia, akaurudisha mkono kwenye goti.

Tukabadilisha. Nikatupa ile nne, nikapewa moja: tisa ya shupaza. Haikunisaidia kitu. Hemedi akapunga mkono. "Mimi nimeshiba," akasema, hakubadilisha hata moja.

Hiyo ni hatari, vijana. Asiyebadilisha anasema ana tano zilizokamilika. Zamu ya kusema ilikuwa yangu, nikagonga kisanduku kwa kidole, yaani napita, sema wewe.

Hemedi akakusanya rundo lake lote kwa mikono miwili akalisukuma katikati. Maharage mengine yalidondoka, akayaokota, akayaongeza. Na mdomo wake haukunyamaza hata kidogo. Akanisimulia joto la Mombo. Akaniuliza kama mke wangu anapenda wabeba magunia. Akaimba.

Hapo ndipo nilipotulia. Miaka miwili nilimtazama Hemedi. Nilikuwa nimemwona akiwa na karata kweli mara chache, na kila mara alinyamaza na kushika sikio lake la kushoto. Leo sikio lilikuwa salama, na mdomo ulikuwa ukiteremka na gia ya tatu. Nikasema moyoni, Rajabu, ukimwamkia huyu leo utamwamkia maisha yako yote.

Nikasukuma yangu yote.

Wimbo ukakatika. Hemedi akazifunua polepole: wafalme wawili na vitu vya kufagia. Nikaweka ree zangu, nikaweka sita zangu. Elia akapiga makofi mara moja, kanisani asingethubutu. Na Hemedi, Mungu amrehemu, aliinuka, akainama mbele yangu na tabasamu lote la Muheza, akasema, "Shikamoo, dereva wa pichi." Nikampokea kwa sauti ndefu kuliko zote alizowahi kunitolea.

Mlinzi akashika filimbi. Nikaruka kwenda kwenye gari. Hendeli ya kuwashia ikaniponyoka mara mbili. Mzee Singano akanifuata taratibu, kikohozi chake mbele yake.

"Karata uliyopewa mwisho ilikuwa ipi?"

"Tisa ya shupaza, mzee. Haikunifaa."

Akafungua kiganja. Alikuja na karata zake. Akaziweka juu ya boneti, moja baada ya nyingine: mbili ya shupaza, saba ya shupaza, kumi ya shupaza, mfalme wa shupaza. Ile ya tano, nyekundu isiyo na kazi, akaiweka pembeni. Nikazitazama. Kwa zamu, yeye ndiye angebadilisha kabla yangu. Angebaki, ile tisa ingekuwa yake, naye angekuwa na shupaza tano.

Nikashika taa ya gari.

"Kwenye kisanduku kile nimewaamkia watu wengi," akasema, akizikusanya karata. "Ulikuwa mchezo. Ya leo nilikuamkia kweli. Sasa ondoka, treni haitakusubiri."

Filimbi ikalia. Pichi zilifika zote, zikaingia behewani za kwanza, na ufunguo sikuukabidhi kwa mtu mpaka nilipozeeka. Mlima ule niliushuka kwa gia ya pili, nikilia na kucheka, nikipiga honi kila kona, hata zile nilizojua hazina mtu.